Siku Niliyomwahidi Akoth Mama Yake

Wiki iliyopita walimu wawili wachanga wa hapa Kosele walinijia nyumbani na karatasi kubwa yenye nyota za rangi. Wanataka kuwafundisha watoto wa darasa la pili kutimiza ahadi, na kuna mtu amewaambia ati mimi ndiye bingwa wa mambo hayo. Bingwa! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Nikawaambia wakae, wale viazi, halafu nitawaeleza. Lakini nilipoanza kueleza nikajikuta naanzia hapa narukia pale, nao walikuwa na haraka ya kuwahi mkutano wa wazazi. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia, nyinyi wawili na wenzenu wote mnaoanza kazi hii. Mnivumilie nikirudi nyuma. Kichwa changu siku hizi hakikai kwenye mstari, na jambo lenyewe nalo halijawahi kunikalia kwenye mstari.

Mimi ni Mwalimu Roselida. Nimefundisha madarasa ya chini, la kwanza hadi la tatu, maisha yangu yote ya kazi. Nilianzia Suna, miaka ya tisini nikaletwa Kosele, na nikastaafia hapa hapa. Kama hujawahi kufungiwa chumbani na watoto sabini wa miaka minane, mvua inapiga mabati, una kipande kimoja cha chaki na mmoja wao anasema tumbo linauma, basi mwanangu, bado hujaanza.

Kule Suna aliyenilea kikazi ni Mwalimu Peninah, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha fahali. Siku zile mtoto akivunja ahadi dawa yake ilikuwa moja tu, kiboko, na kila mwalimu alikuwa nacho. Peninah alikuwa nacho pia, lakini alikitumia kuonyeshea herufi ubaoni. Alikuwa na namna yake. Mtoto akisema atarudisha kitabu, anaweka mkono juu ya kitabu hicho wakati anasema. Akisema atafagia, anashika fagio. "Mtoto akiahidi mikono mitupu," aliniambia, "anaahidi hewa." Pia alinikataza kumdai mtoto ahadi akiwa analia. Mtoto anayelia atakuahidi hata ng'ombe wa babake ili umwache.

Nayachukua hayo mpaka leo, nanyi yachukueni. Lakini kuna jambo lake moja sikulichukua. Peninah mwenyewe hakuwaahidi watoto kitu chochote. Watoto wanamuuliza, "Mwalimu, kesho tutaimba?" Anajibu, "Tutaona." Kesho yake wanaimba, wanaimba hata saa nzima, lakini ahadi hakutoa. Nilimwona ana roho ngumu. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa naahidi kila kitu: tutaimba, tutaenda kuona mto, nitawaletea ndizi. Watoto walinipenda kwa hilo, na kupendwa na watoto sabini kunalevya, wacheni niwaambie.

Sasa turuke mpaka Kosele. Mwaka wa tatu au wa nne nikiwa hapa, niliitwa kwenye semina Homa Bay mjini. Siku tatu, ukumbi wa kanisa, chakula cha mchana wali na samaki. Mwezeshaji alikuwa kijana wa Nairobi, ana tai, ana kalamu nene za rangi, na alikuwa anajua anachosema, siwezi kumnyima haki yake. Alisema mtoto hajengwi tabia kwa mahubiri wala kwa kiboko. Anajengwa kwa kufanya jambo dogo, kuonekana akilifanya, na kutuzwa papo hapo. Ahadi ndogo, tuzo ndogo, upesi, mbele ya wenzake. Rudia mpaka mwili wenyewe uzoee. Mtoto akikusanya tuzo za kutosha, mpe nafasi achague mwenyewe zawadi kubwa isiyo na gharama. Nilimwona kijana huyu kama ametumwa kwangu mimi. Nilirudi Kosele nimebeba kurasa tatu za nyota za kubandika, na nyota hizo ziliisha kwa siku nne.

Nyota zilipoisha nikafikiria vizibo vya soda. Unatoboa kizibo kwa msumari, unakipitisha kwenye kamba ya katani, kila mtoto na kamba yake, jina lake limeandikwa juu, inaning'inia ukutani. Niliwaambia watoto walete vizibo, na wakaleta, wee! Ndoo nzima. Sikuuliza wamevitoa wapi. Jumatatu kwenye mstari wa asubuhi mwalimu mkuu, Msabato wa kweli, mtu ambaye hata chai ya majani hagusi, akawaona watoto wangu wamezitoa kamba zao ukutani wakazivaa shingoni, zinalia cheng'cheng'. Akasogea. Akainama. Akashika kizibo kimoja akakisoma.

"Mwalimu Roselida," akasema, taratibu kabisa, "shule yangu imegeuka klabu?"

"Ni vizibo tu, Mwalimu Mkuu."

"Vizibo vya nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mtoto mmoja anaitwa Okelo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, akainua cha kwake juu. "Hii ni ile ya baba, Mwalimu Mkuu! Anakunywa nne!"

Mchana huo nilikaa sakafuni nachambua soda na pombe kama mtu anayechambua maharagwe. Baada ya hapo kamba hazikuvaliwa tena. Zilibaki ukutani, na vizibo vikawa vya soda peke yake.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi baada ya kuita majina, watoto wa dawati moja wanasimama, kila mmoja anatoa ahadi yake ya siku. Ahadi lazima iwe na kitu, iwe na saa, na iwe na mtu wa kushuhudia. "Nitakuwa mtoto mzuri" sipokei. Uzuri huo nitaupima na nini? "Nitachota maji ya kunyunyizia darasa kabla ya kengele ya pili, na Adhiambo ataniona," hiyo napokea. Ukitimiza, kizibo. Usipotimiza, hakuna kizibo na hakuna kelele, kesho unajaribu tena.

Na watoto ni wajanja jamani. Okelo, yule yule, aliahidi kwamba hatapanda juu ya paa la shule. Hajawahi kupanda. Nikampa kizibo. Kesho yake akaahidi kwamba hatapigana na kiboko wa ziwani. Kizibo. Siku ya tatu akaahidi kwamba hataoa muhula huu, na darasa zima likaanguka kwa kicheko, nami pia. Ndipo nikaweka sheria: ahadi lazima ikuinue mahali ulipokaa. Kama unaweza kuitimiza ukiwa umelala, si ahadi. Andikeni hiyo, itawasaidia.

Baada ya wiki chache darasa lile likawa tofauti kabisa. Vitabu vinarudi. Vijiti vya kuhesabia vinarudi. Mtoto akisema nakuja, anakuja. Mwalimu mkuu akaanza kuwaleta wageni waone. Nami nikavimba kichwa, nasema kweli, nikajiona nimegundua kitu ambacho watu wa huku wamekikosa tangu zamani.

Kwa maana mnatujua sisi watu wa huku, na mimi ni mmoja wao, nimewafanyia wanangu hivyo hivyo. Mama akitaka kwenda sokoni bila mtoto kumfuata, anamwahidi mkate. "Baki na dani, nitakuletea mkate." Dani ndiye bibi, kwetu. Mtoto ananyamaza, mama anazunguka nyuma ya nyumba, anaenda zake. Jioni mkate hauonekani na hakuna anayeuliza. Mtoto amelala, au amesahau, au tunajiambia amesahau. Haionekani kama uongo. Ni njia ya kutoka nyumbani bila kilio.

Sasa Akoth. Alikuwa na miaka minane, mwembamba, paji la uso pana, mkimya. Alikaa na dani yake nyuma ya soko. Mama yake, Millicent, alimzaa akiwa bado nyumbani kwao, halafu mtoto alipofika miaka sita akaenda Awendo kutafuta maisha. Alimwambia Akoth, "Krismasi nitakuja kukuchukua." Krismasi ilipita. Ya pili pia ikapita. Hakuna aliyelishangaa hilo isipokuwa Akoth.

Muhula wa tatu ulipoanza niliwatangazia watoto: atakayejaza vizibo ishirini kwenye kamba yake atachagua zawadi yake, nami nitaiandika kwenye karatasi ukutani, mbele ya jina lake. Wakaanza kuchagua. Kugonga kengele ya shule. Kukalia kiti changu kutwa nzima. Okelo alitaka kushika kiboko cha mwalimu mkuu, akaambiwa achague kingine. Nilikuwa naandika mbiombio, kalamu inakauka, wanapiga kelele, ndipo nikasikia sauti ndogo kando ya mkono wangu.

"Mama aje."

Nilidhani anataka mama yake aje siku ya kufunga shule aione kamba, kama wazazi wengine. Nilijua mama yuko Awendo, si mbali hivyo, nitamwandikia barua, atakuja. Yote hayo niliyafikiria kwa muda wa kupiga chafya. "Sawa, Akoth," nikasema kwa sauti ili darasa lisikie. "Ukijaza ishirini, mama atakuja." Nikaandika kwa herufi kubwa: AKOTH, MAMA AJE. Watoto wakampigia makofi.

Niliandika barua, nikampa mtu anayeenda upande ule. Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Na huku Akoth anatoa ahadi kama mtu aliyepagawa. Wenzake wanaahidi kufuta ubao, yeye anaahidi kufagia madarasa mawili. Anaahidi kumfundisha mtoto wa dawati la nyuma kusoma ukurasa mzima, na anamfundisha. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kila asubuhi nilikuwa naihesabu kamba ile kabla hata ya kuita majina. Nilikuwa nimemfundisha mtoto huyu kwamba neno likisemwa linatendeka, na sasa neno lenyewe ni langu na sina la kulifanya.

Hapa nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Akoth aliahidi kuleta fagio la nyasi Jumatano kabla ya kengele ya kwanza. Jumatano ile dani yake aliamka na homa, Akoth akampikia uji kwanza, akafika na fagio kengele ikiwa imeshalia, labda kwa kupishana kidogo tu. Mtoto mwingine yeyote ningempa kizibo. Akoth nilimnyima. Nilimnyima kwa sababu niliogopa kamba itajaa. Nikasema, "Kengele ilishalia."

Akafikiri kidogo. "Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Nilisema kabla ya kengele." Akaenda kukaa.

Hakulia wala hakukunja uso. Mimi ndiye niliyelia, chooni, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jumamosi iliyofuata nilimwachia mume wangu nyumba, nikaenda Awendo.

Haikunichukua muda kumpata. Niliuliza kwa wanawake wa sokoni, wakanielekeza kwenye kibanda cha uji kando ya barabara ambako malori ya miwa hupanga foleni. Alikuwa anawamiminia madereva uji, mtoto mchanga mgongoni. Lile paji la uso nililijua kabla hajageuka.

"Karibu uji, mama."

"Asante. Mimi ni mwalimu wa Akoth, kule Kosele."

Kata ikasimama hewani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda.

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni mzima, anasoma vizuri sana."

"Mama yangu amekufa?"

"Hapana, ni mzima pia."

"Sasa mbona umekuja kuniua mimi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa kunong'ona, maneno yanatoka harakaharaka. Hapa anaitwa Mama Brian. Mumewe anafanya kazi kiwandani, ni mtu mzuri, hampigi, anamletea mshahara. Lakini alipomuoa alimuuliza kama ana mtoto, naye akasema hana. Alisema hana kwa sababu wanaume wawili kabla yake walimkimbia waliposikia ana mtoto. Barua zangu zote mbili alizipata. Alizichoma jikoni.

Nikamweleza habari ya kamba na vizibo na karatasi ya ukutani. Alinisikiliza macho yamenitoboa.

"Ngoja nielewe, Mwalimu. Ulimwahidi mtoto wangu kwamba mimi nitakuja."

"Ndiyo."

"Ulimwahidi kama nani?"

"Kama mjinga," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ilikuwa kweli.

Akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka, halafu akafuta macho kwa ncha ya leso. Dereva mmoja akaita uji, akamjibu asubiri.

Nilimsihi. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka haya tu: "Mama Brian, sikuombi umchukue. Sikuombi umwambie mumeo. Uje tu, akuone kwa macho."

"Nije tu?"

"Uje tu."

Akambembeleza yule mchanga mgongoni. "Siku ya kufunga shule ni Ijumaa? Ijumaa mume anaingia kazini alfajiri, anatoka saa kumi. Nitakuja na nitarudi kabla hajatoka." Halafu akaniuliza, "Nikija, na mimi utanipa kizibo?" Nilimtazama nione kama anatania, na hakuwa anatania.

Nilirudi Kosele sijui nimeshinda au nimeharibu. Jumatatu nilimwita Akoth kando nikamwambia nilikosea siku ya fagio, nikampa kizibo chake. Alikikataa. "Nilichelewa, Mwalimu," akasema, kana kwamba mimi ndiye mtoto ninayesahau mambo. Kizibo cha ishirini alikipata Alhamisi, kwa jasho lake, kwa kubeba mawe ya kuzungushia bustani ya maua.

Ijumaa, saa nne na nusu hivi, wazazi wakiwa wamekaa kwenye madawati tuliyoyatoa nje, nilimwona Millicent anaingia langoni. Gauni la bluu, viatu vya vumbi, mtoto mchanga mgongoni, mkate kwapani. Alikuja! Moyo wangu ulipiga kama ngoma ya bendi ya shule. Nikamtazama mwalimu mkuu, nikataka kumwambia, unaona, unaona kazi ya vizibo?

Akoth hakumkimbilia. Aliingia darasani, akatoka na kamba yake, akamwekea mama yake mikononi.

"Ni nini hii?"

"Ni yako," Akoth akasema. "Nimejaza."

Millicent aliishika kamba ile kwa mikono yote miwili, vizibo vinagongana, hajui akiweke wapi kitu kile. Wazazi wengine walikuwa wanatutazama. Nikawaambia watoto waimbe, wakaimba.

Shule ilipofungwa dani alinialika chai, tukaenda sote nyuma ya soko. Nyumba ndogo, safi. Akoth alikaa chini katikati ya magoti ya mama yake, naye akaanza kumsuka. Dani alimshika mjukuu wake mchanga, akamwimbia, hakumuuliza binti yake swali hata moja. Akoth alikuwa amefumba macho. Nilimwona mabega yake yanashuka polepole, mtoto ambaye nilizoea kumwona amekaza mwili kutwa. Nikajisemea, Roselida, hii ni kazi yako. Halafu nikamwona Millicent ananitazama mkono wenye saa.

"Saa ngapi, Mwalimu?"

"Saa sita kasoro."

Akaongeza kasi ya vidole. Baadaye akauliza tena. Akauliza mara ya tatu nami nikasema saa saba kasoro dakika chache, akasimama. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umesukwa, mistari sita iliyonyooka. Upande wa kulia nywele zimesimama.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, akainama mbele ya Akoth. "Mimi sasa naenda. Lakini nita..."

Hapo aliinua macho akaniona. Akaikumbuka ile karatasi ya ukutani, nadhani, au akanikumbuka mimi nilivyokuwa nimesimama nyuma ya kibanda chake. Akafunga mdomo. Hakuahidi Krismasi, hakuahidi mkate, hakuahidi kitu. Alimshika mtoto mashavu yote mawili, akambeba mtoto wake mchanga, akatoka.

Hapa ndipo kichwa changu kinapokoroga mambo, na hakijatulia mpaka leo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemwona mzazi wa huku anakataa kumdanganya mtoto ili aondoke. Si ndilo nililokuwa nalifundisha? Si ndilo nililolisafiria semina, likanitoa jasho, likanifanya nichambue vizibo sakafuni? Nami nilisimama pale natamani adanganye. Nilitamani aseme Krismasi, jamani, aseme hata kesho, mtoto apate cha kulalia. Nilikaribia kumkimbilia barabarani nimwambie arudi, amdanganye kidogo tu.

Sikukimbia. Dani alimvuta Akoth akamketisha pale pale, akaanza kumsuka upande uliobaki. Macho yake hayakuwa mazuri tena, mistari ikawa inapinda. Nilimaliza chai yangu imeshapoa, nikaaga.

Baada ya Krismasi niliendelea na vizibo muhula mmoja, nikaacha, nikarudia mwaka uliofuata, nikaacha tena. Mwalimu mkuu aliniuliza mbona sina msimamo. Sikuwa nao. Watoto waliopita kwenye kamba zile wengi wao ni watu wa kutegemewa leo, Okelo ana duka na akikuambia unga utafika Jumanne, unafika Jumanne. Siwezi kusema njia ile ni mbaya. Fanyeni na nyota zenu. Ahadi iwe na kitu, iwe na saa, iwe na shahidi, iinue mtoto alipokaa. Mtoto asiahidi akiwa analia. Na nyinyi wenyewe msiandike kwenye karatasi ile jambo lililo mikononi mwa mtu mwingine, hata kama mtoto anakutazama namna gani. Hayo nayajua. Yaliyobaki sijui, na kuna moja linanisumbua kuliko yote, wacha nilimalize.

Siku ile ya kufunga shule nilipoaga, Akoth alinisindikiza mpaka kwenye ua. Alikuwa anatembea polepole, anafikiri, ile sura yake ya kufanya hesabu. Nilimshika bega. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikasema, "Akoth, pole."

"Si wewe, Mwalimu," akasema. "Ni mimi nilikosea."

"Ulikosea nini, mwanangu?"

"Nilisema aje. Sikusema akae." Akanitazama, hana kinyongo hata kidogo, mtoto aliyelishika somo vizuri kuliko wote. "Muhula ujao nitasema vizuri."

Nyinyi mngemjibu nini?